Ni Bunduki au ni Mkono

Sijawahi kuomba kitu nilichonunua mwenyewe kiwe kibovu, lakini asubuhi ile ya Jumamosi, ndani ya pikapu yetu, nikiwa nimepakata kapu la pasti za moto, zile sambusa kubwa za nyama na viazi, niliomba njia nzima. Niliomba bunduki iliyolala nyuma ya kiti iwe takataka. Iwe imepinda, iwe na ufa, iwe imeundwa na mlevi anayetazama saa. Mume wangu Reino alikuwa akiendesha kimya, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia mfukoni. Reino hajui kuendesha kimya. Kwa kawaida humtukana kila kulungu anayevuka barabara na kila dereva aliye mbele yake.

Bunduki yenyewe nilimchagulia mimi. Ile ya zamani, ya baba yake, mzee Arvo, nzito, ya mti wa jozi, tulimpa binti yetu Karin alipoolewa akahamia Minnesota. Mzee Arvo alikuwa ameagiza iende kwa mjukuu atakayeweza kumpasua kulungu mwenyewe bila kutapika, na hapo Karin hakuwa na mpinzani. Basi Reino akabaki mikono mitupu, na mwaka huohuo tanuri la kupashia nyumba joto likafa, likala akiba yetu. Nikamwambia achukue moja ya zile rahisi zenye mwili wa plastiki zinazotundikwa dukani karibu na fimbo za kuvulia samaki. Nikamwambia bunduki ni bunduki, inasukuma risasi mbele, unataka nini tena? Reino akainua mabega, tukalipa tukaondoka.

Novemba ilipofika, akamkosa kulungu.

Katika kambi yetu ya uwindaji, huku kaskazini mwa Michigan, mtu akimkosa kulungu hukatwa upindo wa nyuma wa shati lake. Hakuna rufaa. Kipande kinapigiliwa misumari juu ya jiko kikiwa na jina lake na mwaka, na hapo kitakaa mpaka panya wakile. Wendell Saari, jirani yetu, ana vipande vingi ukutani hivi kwamba akivishona atapata hema. Reino hakuwa na hata kimoja, tangu ujana wake. Kwa hiyo walipomkata, kambi nzima ilipiga makofi, wakasema ni ile bunduki ya bei chee, naye akacheka pamoja nao.

Aliporudi nyumbani akaniambia alichowaficha. Kesho yake alikuwa amekosa tena. Dume, karibu, limesimama ubavu wazi kama ng'ombe zizini. Akarudi kambini akasema hakuona kitu.

"Nilimlenga, Verna," aliniambia. "Nilimlenga vizuri kabisa."

Halafu akautazama mkono wake wa kulia, na mimi nikautazama.

Kwa sababu mzee Arvo naye alianza kwa kukosa. Mwaka mmoja alimkosa kulungu ambaye hata Wendell angempata. Mwaka uliofuata akaanza kumwaga kahawa. Ulikuwa ugonjwa wa kutetemeka, na ulimkalia miaka mingi. Mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko pale dirishani, nikimpangusa kidevu, naye akiniomba radhi kila siku kana kwamba kosa ni lake. Najua kazi ile. Sikuogopa kazi. Niliogopa kumwona Reino akiniomba radhi.

Tangu hapo mkono ule ukaishi mfukoni. Kahawa akawa anajaza nusu kikombe. Nilipotaja daktari alitoka nje akaenda kufyeka mahali palipokwisha kufyekwa. "Daktari ataniambia ninachokijua," alisema. Basi ilipofika Oktoba yakabaki maelezo mawili tu: ni bunduki, au ni mkono. Unaelewa sasa kwa nini nilikuwa naomba.

Shimo la kokoto liko nyuma ya barabara ya zamani ya mgodi, na kila Oktoba kabla ya msimu watu wa kambi yetu hukutana pale kurekebisha darubini za bunduki zao. Tulipofika, kaka yangu Orville alikuwa ameshapanga meza na mifuko ya mchanga. Orville alifanya kazi karakana ya mgodi maisha yake yote, na anaamini Mungu alipoumba chuma alimwita yeye kwanza aje akikague. Anapenda kusikika, na mara nyingi huwa amesema kweli, jambo linalomfanya asivumilike. Wendell naye alikuwepo, anapangusa bunduki yake ya gharama kwa kitambaa laini. Miwani yake huipangusa kwa shati.

"Reino!" Wendell alipaza sauti. "Umekuja na kile kichezeo chako? Usikiache juani, kitayeyuka."

"Jua gani, Oktoba hii?" Reino akajibu. "Wewe linda shati lako."

"Langu halina tena pa kukatwa, bwana. Nimebaki na kola."

Nikaweka kapu mezani. "Orville," nikasema, "kabla hujala, ikague hii bunduki. Toka juu mpaka chini. Nataka kujua kama ni mbovu."

"Si wewe uliyeinunua?"

"Ndiyo. Nataka kujua niliuziwa nini."

Orville alimtazama Reino, Reino akatazama kokoto. Halafu kaka yangu akaichukua bunduki, akafungua komeo la kuingizia risasi, akatia kidole ndani kuhakikisha haina risasi, akaanza.

Alilivuta komeo nyuma mpaka mwisho akalitikisa. Lilicheza huku na huku kama jino la mtoto. "Hili limelegea," akasema. Akalisukuma mbele polepole. "Na linakwaruza. Sikia." Tulisikia. Wendell, bila kuombwa, akalisukuma la kwake, likapita kimya kabisa, akatabasamu. Orville akapitisha kidole gumba chini ya tumbo la bunduki, pale nusu mbili za plastiki zilipounganishwa kiwandani. Mshono ulikuwa umeachwa vilevile, hakuna aliyejisumbua kuupiga msasa. Kasha la risasi, plastiki. Kinga ya kifyatulio, plastiki. Rangi ya mtutu, ya kupuliziwa haraka, bila mng'aro wowote.

"Mungu wangu," Wendell alisema. "Verna, ulipewa pamoja na kijiko cha kulia aiskrimu?"

Kila Orville alipokunja uso, moyo wangu ulipanda. Nilikaribia kuimba. Kosoa, kaka yangu, nilisema moyoni, kosoa usichoke.

Lakini Orville hakuwa amemaliza. Alilichomoa komeo akaligeuza kwenye mwanga, akaangalia yale masikio mawili yanayoifungia risasi ndani. "Yote mawili yamekwaruzika sawasawa," akasema. "Maana yake yote mawili yanafanya kazi. Nimeona bunduki za bei mara nne ya hii ambazo sikio moja ni la mapambo." Wendell akaacha kutabasamu. Orville akachungulia ndani ya mtutu akiuelekeza mawinguni, akakaa hapo muda. Akachukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, akakizungusha kwenye mdomo wa mtutu. Hakuna hata uzi mmoja wa pamba ulionasa, chuma ni laini. Akajaribu skrubu za darubini, zimekaza. Za chini, zimekaza. Akafyatua kifyatulio bila risasi mara kadhaa akiwa amefumba macho, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

Mwisho akatoa noti ya dola mfukoni, akaiingiza kati ya mtutu na ule mwili wa plastiki, akaivuta kuelekea nyuma. Noti ikateleza bila kukwama popote.

"Mtutu uko huru," akasema. Akailaza bunduki mezani. "Hawa jamaa wamebana pesa pale macho yanapotazama. Pale risasi inapopita hawakubana. Sura hana, lakini mzima."

"Mzima kabisa?" Reino akauliza.

"Mzima kabisa," Orville alisema, kwa sauti ndogo ambayo sijui aliitoa wapi.

Nikakaa kwenye ukingo wa meza. Mwanamke mwingine angefurahi kuambiwa hakupunjwa dukani.

"Haya, piga tuone," Wendell akasema, hana habari na lolote.

Reino akakaa. Alipiga nne, hana haraka, anapumua katikati kama alivyofundishwa. Orville alichungulia shabaha kwa darubini ya miguu mitatu. Akampisha Wendell achungulie. Wendell akafungua mdomo atie neno, akaufunga. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya, kwa sababu mdomo wa Wendell haufungwi na jambo dogo. Nikachungulia mwenyewe. Matundu yalikuwa yametawanyika kwenye karatasi, karibu yote upande wa kushoto, moja chini kabisa, moja nusura litoke nje.

"Nipishe," Orville akasema. Akakaa, akaegemeza bunduki ileile kwenye mfuko uleule wa mchanga, risasi kutoka boksi lilelile, akapiga tatu.

Zilikaa pamoja katikati ya shabaha, ungeweza kuzifunika kwa kizibo cha soda.

Kunguru mmoja alikuwa akipiga kelele upande wa pili wa shimo, nikamchukia.

"Inabidi uizoee tu," Wendell alisema hatimaye, na nilimpenda kwa uongo ule. "Hizi za plastiki zina tabia zake. Shika yangu hii, Reino. Piga moja uone raha."

"Nitaikwaruza."

"Ikwaruze, si kitu. Shika."

"Nimesema hapana, Wendell."

Nilijua kwa nini alikataa. Akikosa na ya Wendell, hakuna tena bunduki ya kusingizia. Alipendelea abaki na shaka kidogo ya kwenda nayo nyumbani. Akaanza kuifunga ile yake kwenye mfuko wake, anachelewesha zipu, anatabasamu tabasamu la msibani.

"Twende zetu, mama Karin," aliniambia. "Baridi inaingia."

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu huku anajua. Lakini siku ile hazikuwa za Reino. Nilikuwa nimechoka na mfuko wa suruali. Nilikuwa nimechoka na vikombe nusu.

"Hatuendi popote," nikasema. "Kaa upige tena."

"Verna, tafadhali. Mbele za watu…"

"Watu gani? Hawa? Reino Kangas, nimeamka kabla ya jua nikakanda unga, sikuja hapa kuangalia mtu akifunga zipu. Kaa."

"Mwenzangu, mimi ningekaa," Wendell akanong'ona.

Reino akakaa. Mimi nikazunguka meza nikapiga magoti kwenye kokoto upande wake wa kulia, nyuma kidogo ya kiwiko, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua. Kama ni ugonjwa, nilitaka niuone mwenyewe ukianza. Nilitaka kuujua ulivyo, kwa sababu ulikuwa unakuja kuishi nyumbani kwangu.

Nikaukazia macho ule mkono. Ulikuwa mkono wangu kama ulivyokuwa wake. Nimekaa nao meza moja miaka na miaka. Kidole gumba juu, vidole vitatu chini, na cha shahada kikiingia polepole kwenye kifyatulio. Nikangoja utetemeke. Haukutetemeka. Ngozi ya juu ya kidole haikucheza. Bunduki ikalia, mkono ukabaki palepale.

"Kushoto," Orville akasema kwa uchungu. "Kushoto tena, na chini."

Kushoto vipi? Nilikuwa hapa. Nimeuona. Ule mkono ulikuwa umetulia kuliko mimi.

Reino akatia risasi nyingine, kisha akafanya kile anachofanya kila mara kabla ya kupiga, kitu ambacho nimekiona mpaka nimeacha kukiona. Alilegeza mkono wa kushoto, akakaza upya ule mkanda wa ngozi wa kubebea bunduki. Mzee Arvo ndiye aliyemfundisha: unaupitisha mkanda nyuma ya mkono juu ya kiwiko, unauzungusha, unaurudisha juu ya kifundo cha mkono, halafu unasukuma mkono mbele mpaka ngozi ilie. Bunduki inakuwa imefungwa mwilini. Ngozi ikalia. Na pale mbele, kati ya mtutu na plastiki, upande wangu, palikuwa na mwanya mwembamba ambao nilikuwa naona mwanga kupitia kwake. Ngozi ilipolia, mwanga ukazimika.

"Acha! Usipige!"

Walikuwa na vizibo masikioni wote watatu, lakini sauti yangu hupita popote. Reino aliondoa kidole, akafungua komeo, akatoa risasi, uso mweupe.

"Nini? Kuna mtu kule?"

"Inapinda."

"Nini inapinda?"

"Bunduki! Bunduki, Reino! Ukivuta mkanda inapinda. Legeza. Haya, vuta tena. Orville, njoo hapa, piga magoti, acha kusimama kama mlingoti."

Orville akaja, magoti yakimlia. Akatazama Reino akilegeza na kukaza, kulegeza na kukaza. Akatoa ile noti yake. Mkanda ukiwa umelegea, noti ikateleza mpaka nyuma bila shida.

"Sasa vuta kama unamtaka kulungu."

Reino akavuta. Orville akaivuta noti. Haikuja. Akaivuta kwa nguvu, ikachanika, akabaki na kipande kimoja mkononi na kingine kimebanwa kwenye bunduki.

"Ona huyu shemeji yangu," alisema akitazama kipande chake. "Kanichania pesa."

Halafu akaanza kucheka. Alikaa chini kwenye kokoto akacheka mpaka akavua kofia, na mimi bado sikuwa nimethubutu kucheka.

"Eleza, mwanamume!" nikamfokea.

"Plastiki ni nyepesi, dada. Imeachwa mvungu ndani ili iwe rahisi kutengeneza. Ukiilaza kwenye mfuko wa mchanga, imetulia, mtutu unaelea peke yake. Huyu mumeo anaifunga kama mzigo wa kuni. Akivuta, plastiki inakwenda na mkanda, ukuta wa kulia unaukandamiza mtutu kwenda kushoto. Na hawezi kuvuta sawasawa kila mara, hakuna anayeweza. Akivuta sana risasi inakwenda mbali, akivuta kidogo inakwenda karibu. Ile ya mzee Arvo ilikuwa gogo, ungeifunga kwenye trekta isipinde."

"Na wewe ulipopiga…"

"Mimi mkanda ninabebea tu. Wendell vilevile. Hakuna mtu aliye hai hapa anayepiga hivyo isipokuwa Reino." Akajipangusa macho. "Na mimi mjinga nimeikagua imelala mezani. Nani anawinda bunduki ikiwa imelala mezani?"

"Kwa hiyo ni takataka," Wendell akasema kwa furaha. "Nilisema tangu mwanzo."

"Si takataka. Haikuundwa kwa watu wa enzi za mzee Arvo, basi."

"Kulungu anajali tofauti hiyo?"

Waliendelea kubishana, lakini mimi nilikuwa namtazama Reino. Alikuwa ameketi vilevile, mkanda umelegea mkononi, hajaamini. Mtu akishakaa na jambo baya karibu mwaka mzima, hawezi kulitua chini kwa sababu tu ameambiwa alitue. Alifungua vifungo vya mkanda, cha mbele na cha nyuma, akautoa wote. Akanipa niushike.

"Piga bila," nikasema.

"Nimezoea nao. Bila huo nahisi niko uchi."

"Basi piga uchi. Wendell atafumba macho."

Akapiga tatu. Baada ya ya tatu hakugeuka, akabaki amelalia bunduki. Orville akasogea kwenye ile darubini ya miguu mitatu, nikamkataza. Nilisema nakwenda kuangalia mwenyewe. Wote wakafungua makomeo, wakaacha bunduki mezani, nami nikashuka shimoni peke yangu na mkanda ule mkononi, nikiwaza kwamba nikifika na kukuta zimetawanyika, nitasema uongo. Nilikuwa nimeshauandaa.

Sikuuhitaji. Zilikuwa tatu, pamoja, juu kidogo ya zile za Orville, mbili zimeshikana ukingoni. Niliziwekea vidole viwili zikafunikwa zote. Nikakaa pale chini mbele ya karatasi nikalia kwa sauti, bila aibu, kama siku niliyomzaa Karin.

Bila shaka walielewa vibaya. Nilisikia buti zikija mbio kwenye kokoto, Reino mbele, mtu ambaye hajakimbia tangu sijui lini.

"Ni mbaya?" alikuwa akiuliza kabla hajafika. "Verna, ni mbaya sana?"

Nilishindwa kusema, nikaonyesha tu. Akainama. Akapeleka kidole kwenye tundu moja, akakihamishia la pili, akarudi la kwanza. Kilikuwa kidole cha mkono wa kulia.

"Wale wawili wa mwaka jana," nikamuuliza nilipopata sauti, "ulikuwa umefunga mkanda?"

"Siku zote nafunga."

"Basi."

"Basi," akasema, akapumua pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu Novemba. "Ni kile kichezeo cha plastiki."

"Umesema wawili?" Wendell akadakia. "Wawili? Huyu bwana anadaiwa shati jingine!"

Tulicheka sote wanne kule chini shimoni mpaka yule kunguru akaondoka. Tukapanda mezani tukala pasti, na Reino alijimiminia kahawa kutoka chupani mpaka ukingoni mwa kikombe, makusudi, huku akinitazama. Wendell alisema ni haki kile kipande cha shati kishushwe ukutani. Orville akakataa katakata. Alikosa au hakukosa? Alikosa. Kulungu alikwenda zake au hakwenda? Alikwenda. Shati linabaki, na la pili litafuata. Wakakubaliana Reino atafute mwili wa mbao wa kuvalisha ule mtutu, kwa sababu mtutu ni mzuri, na Orville anamjua mtu. Reino akasema Jumatatu nimpigie simu daktari amwangalie huo mkono kwa jumla, na shinikizo la damu pia, maana sasa anaweza kwenda. Alisema hivyo mdomo umejaa viazi, kama anayezungumzia kubadilisha oili ya gari.

Tulipokuwa tukikunja meza, nilimsikia akimwambia Orville kwa sauti ya chini:

"Na lile nililokuambia kiangazi, shemeji. Lifute."

"Limeshafutika."

"Lipi?" nikauliza.

Wote wawili wakainamia meza kama watoto waliokutwa jikoni.

"Orville. Lipi?"

Kaka yangu alivua kofia akaivaa tena. Alimtazama Reino, Reino akageukia pikapu.

"Alinipeleka msituni kwenu mwezi wa saba," Orville akasema. "Akanionyesha miti ya kuangushwa kwanza na ya kungoja. Akanionyesha shoka lililo imara, na lile ambalo mpini wake umelegea. Akasema siku mkono utakapomshinda mimi ndiye nitakayepasua, na wewe kuni za sauna, lile bafu lenu la mvuke, huzitaka zimepasuliwa nyembamba, nene zinakuudhi lakini husemi, kwa hiyo nizipasue nyembamba. Na nisikuambie nani kaniagiza."

Nilisimama pale nimeshika mguu wa meza. Miaka yote ile nilidhani anazipasua nyembamba kwa sababu ndivyo anavyojua.

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia. Nikaanza na kumkumbatia, mbele ya Wendell, nikiwa bado na mguu wa meza mkononi.

"Kesho," nikamwambia shingoni, "utakwenda kuzipasua mwenyewe."

"Nitakwenda."

"Nyembamba."

"Nyembamba, mke wangu," Reino akasema.